Kalamu ya wino ya zamani: kuifufua, kuitunza na kutafuta nyingine

Kalamu ya kwanza niliyoifufua ilikuwa ya babu yangu, aliyekuwa karani Tanga mpaka akastaafu. Ilikaa zaidi ya miaka ishirini ndani ya kopo la maziwa ya unga, pamoja na vifungo, sarafu zisizotumika tena na hirizi moja ambayo hakuna aliyethubutu kuifungua. Mama alinipa akasema, "Ukiiharibu usinambie." Ilikuwa Parker 51 ya rangi ya damu ya mzee, kifuniko cha chuma, imekauka kama mfupa. Nilishaibana kwa koleo pale jirani yetu, mwalimu mstaafu, alipopita barazani.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Unang'oa nini hapo?"

"Kalamu, mwalimu. Imekufa."

"Haijafa, mwanangu. Ina kiu. Itie majini, halafu uiache."

Niliiacha siku nne. Siku ya tano iliandika.

Tangu hapo zimepita mikononi mwangu kalamu kama arobaini, zangu na za watu. Nyingi zilizoletwa kama maiti zilikuwa na wino mkavu tu, na zile zilizokufa kweli ziliuawa na mtu mwenye haraka. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na maji, na koleo linakuja nyuma kabisa.

Kabla ya maji: jua imetengenezwa kwa nini

Nasema maji, lakini si kila kalamu huyapenda. Hili nililijua kwa hasara. Nilinunua kalamu nyeusi ya miaka ya 1920, nzuri ajabu, nikailaza usiku kucha kwenye bilauri ya maji ya uvuguvugu. Asubuhi nilikuta imegeuka rangi ya tope, na rangi ile haijarudi mpaka leo. Ilikuwa ya ebonaiti, yaani mpira uliochemshwa na salfa mpaka ukawa mgumu. Maji na mwanga huichakaza ebonaiti kwa juu ikawa kahawia.

Kwa hiyo anza na pua. Sugua kiwiliwili cha kalamu kwa kidole gumba kwa nguvu mpaka kipate joto, kisha nusa. Ukisikia harufu ya mpira ulioungua, hiyo ni ebonaiti: ioshe kwa ndani tu, nje ipanguse kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Ukisikia kafuri, ileile ya kwenye sanda, hiyo ni seluloidi, plastiki ya kale. Kafuri ni sehemu ya mchanganyiko wake. Hii huvumilia maji baridi kwa muda mfupi lakini inaogopa moto kuliko kitu chochote; inawaka. Aina ya tatu ni kaseini, plastiki iliyotokana na maziwa, ambayo baadhi ya kalamu za Conway Stewart za Uingereza zilitengenezwa nayo kwa rangi za kuvutia sana. Kaseini ikilowa huvimba na kupinda. Usiilowanishe hata kidogo.

Parker 51 haimo katika shida hizi, na ndiyo sababu namshauri kila anayeanza aanze nayo. Ilitoka mwaka 1941, na Parker waliipa kiwiliwili cha akriliki, plastiki ngumu, kwa sababu wino mkali uliotengenezwa kwa ajili yake ungeitafuna seluloidi. Akriliki hiyo imestahimili miaka themanini. Adui yake ni spiriti: pombe huitia nyufa ndogondogo kama nywele. Spiriti ya kusafishia vidonda isiikaribie.

Ni 51 ya aina gani, au ni Hero?

Jina 51 lilitokana na umri wa kampuni. George Parker alianza Janesville, Wisconsin, mwaka 1888. Alikuwa mwalimu wa telegrafu aliyechoka kuwarekebishia wanafunzi wake kalamu mbovu alizowauzia yeye mwenyewe. Kalamu mpya ilipokuwa tayari kwa majaribio, kampuni ilikuwa na miaka 51.

Fungua kiwiliwili kwa kukizungusha, taratibu, kama unafungua chupa ya marashi. Ikiwa ndani kuna bomba la chuma lenye upau wa kubonyeza, una bahati: hiyo ni ya mfumo ulioanza mwaka 1948, na maelekezo ya kujaza yamechongwa juu ya bomba lenyewe. Ikiwa hakifunguki, lakini kitako kidogo cha nyuma kinatoka na kuacha kidude cha kubonyeza, hiyo ni ya mfumo wa zamani zaidi, wa 1941 hadi 1948. Ndani yake kuna kiwambo cha mpira ambacho karibu kila mara kimeshaoza, na kukibadilisha kunahitaji ufunguo maalumu. Ipanguse, ihifadhi, mtafute fundi wa kalamu. Usijaribu mwenyewe.

Kwetu, nyingi utakazoambiwa ni Parker ni Hero. Sisemi hivyo kwa dharau. Hero 616 ya Shanghai iliigwa kutoka 51, na nibu yake, yaani kile kipande cha chuma cha kuandikia, imejificha vilevile, inachungulia ncha tu kama kobe. Wakati reli ya TAZARA inajengwa, 1970 hadi 1975, sehemu ya gharama za ndani ililipwa kwa fedha za bidhaa za Kichina zilizouzwa madukani mwetu, na kizazi kile kiliyazoea majina ya viwanda vya huko. Ukitaka kuzitofautisha, soma kifuniko: Hero ina jina lake, mara nyingi kwa herufi za Kichina. Tazama nibu pia. Ya Parker 51 ni ya dhahabu ya karati 14, isipokuwa zile za bei nafuu zilizoitwa Special. Ya 616 ni ya chuma. Jihadhari na kalamu ya mseto, kifuniko cha Parker juu ya mwili wa Hero. Nimeuziwa moja, na niliigundua nyumbani nilipoona kifuniko kinacheza kama jino la mtoto.

Zilizotengenezwa Uingereza, kwenye kiwanda cha Newhaven, zimeandikwa "Made in England", na ndizo ninazokutana nazo zaidi kwa wastaafu wa serikali. Zile za Marekani za miaka ya 1940 mara nyingi zina tarakimu moja ndogo karibu na maandishi ya kiwandani. Ukiona 7, ni ya 1947.

Maji

Hapa ndipo kazi ilipo. Utahitaji bilauri, tishu, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na maji yasiyo na chumvi. Pwani maji ya kisima yatakuachia magadi ndani ya mishipa ya kalamu, na kuyachemsha hakuyaondoi. Maji ya kunywa ya chupa yanatosha. Mimi hutumia maji ya betri ya kituo cha mafuta, yale yaliyotoneshwa. Soma chupa vizuri, maana asidi ya betri nayo inauzwa rafu hiyohiyo.

Ondoa kifuniko na kiwiliwili. Weka tishu iliyokunjwa chini ya bilauri ili nibu isigonge kioo, kisha simamisha kalamu nibu ikiwa chini, maji yafunike shingo tu, yaani sehemu unayoishika kwa vidole. Bomba la chuma libaki juu ya maji. Mwanzoni hutaona kitu. Baada ya saa moja au mbili utaona uzi mwembamba wa buluu unashuka, unajikunja kama moshi wa udi. Ukiona uzi huo, ondoka. Usibonyeze chochote siku ya kwanza, kwa sababu wino uliokauka huwa kama mchanga, na kuusukuma kwa nguvu ni kuupeleka kwenye pembe ambazo hautatoka tena. Ndani ya shingo ya 51 kuna kipande chenye mapezi membamba mengi kinachoshika wino wa ziada, na kila pengo kati ya mapezi limejaa wino mkavu wa aliyekutangulia.

Badilisha maji asubuhi na jioni. Siku ya pili bonyeza upau wa bomba mara moja, polepole, uachie, uhesabu mpaka tano. Siku ya tatu tia tone moja la sabuni, tone kweli, si mmiminiko. Ikiwa bado imeziba, na una amonia isiyo na manukato, changanya sehemu moja kwa sehemu kumi za maji, suuza kwa dakika chache, kisha suuza tena kwa maji matupu mara nyingi. Mchanganyiko huo usiukaribishe na jiki: hewa inayotoka hapo ina sumu.

Maji yakitoka meupe usishangilie bado. Simamisha kalamu nibu ikiwa chini juu ya tishu kavu, ndani ya kikombe, ilale hivyo. Tishu itanyonya yaliyobaki, na asubuhi doa litakwambia ukweli. Doa la buluu iliyofifia linamaanisha siku moja zaidi. Kalamu zilizokuwa za walimu ndizo zinazochosha: wino mwekundu wa kusahihishia unaendelea kutoka wiki nzima, waridi, waridi, waridi, mpaka unadhani kalamu inavuja damu.

Kifuko

Sasa jaza bomba kwa maji na ubonyeze ndani ya bilauri. Mapovu yanatoka? Kifuko, kile kinachoshika wino ndani ya bomba, ni kizima. Vifuko vya 51 vya baada ya 1948 ni vya plastiki, si mpira, na vingi bado ni laini japo vimegeuka rangi ya chai. Kama kimepasuka au kimekuwa kigumu, hiyo nayo ni kazi ya fundi.

Kalamu za wenzo ni habari nyingine. Hizi zina kijiti cha chuma ubavuni unachokinyanyua ili kikandamize kifuko cha mpira. Wenzo wa namna hiyo ulipatiwa hataza mwaka 1908 na Walter Sheaffer, sonara wa Fort Madison, Iowa, na kampuni nyingi zikawa na wa kwao. Ukipata Esterbrook J, Conway Stewart au Sheaffer ya zamani, kifuko chake asilia kimeshakufa, labda kama mtu amekwisha kukibadilisha. Tikisa karibu na sikio. Ukisikia vipande vinalia kama mchele ndani ya kopo, hicho ndicho kifuko. Usinyanyue wenzo kwa nguvu kabla ya kuvitoa, utaupinda.

Kubadilisha kifuko unaweza mwenyewe. Pasha joto mahali shingo inapoingia kwenye kiwiliwili kwa draya ya nywele, kwa joto ambalo kidole chako kinaweza kulistahimili bila kuondoka. Mshumaa hapana, mvuke wa birika hapana. Nimeshakuambia seluloidi inawaka. Shika kwa kipande cha mpira wa baiskeli ili kisiteleze, yumbisha kidogo kushoto na kulia, uvute. Kikikataa, pasha tena. Hapa watu hukata tamaa wakachukua koleo tupu, na kiwiliwili hupasuka mdomoni. Kikishatoka, kwangua mabaki ya mpira kwenye chuchu ya shingo. Vifuko vipya huuzwa kwa namba ambayo ni kipenyo kwa sehemu za 64 za inchi: namba 16, inayoingia kwenye Esterbrook J, ni kama milimita 6.4. Kata urefu usigonge mwisho wa kiwiliwili, paka chuchu gundi ya shelaki, ivalishe, iache siku nzima. Gundi za kukausha haraka zisitumike. Atakayekuja baada yako atashindwa kukifungua. Mwisho paka kifuko unga wa talki usio na manukato ili kisigande.

Nibu

Nibu usiitengeneze kabla hujaiona. Nenda kwa fundi saa au sonara, omba uazimwe kile kioo cha jichoni cha kukuza mara kumi. Angalia ncha kwa mbele: nusu zake mbili ziwe sawa, moja isipande juu ya mwenzake. Kisha chora nane, kubwa, bila kukandamiza. Ikikwaruza kwenye upande mmoja tu wa nane, nusu moja imepanda. Isukume chini kwa ukucha, kidogo sana, ujaribu tena. Hapo ndipo ujuzi wa nyumbani unapokoma.

Msasa usitumie. Kwenye ncha kuna chembe ya madini magumu, jamii ya osmiamu na iridiamu, iliyochomelewa juu ya dhahabu laini. Ukiimaliza, nibu imekwisha, na dhahabu tupu italika kwa miezi.

Jambo moja halimo katika maelekezo ya kiwandani. Ncha ya kalamu iliyoandikiwa miaka mingi huwa imelika kwa pembe ya mkono wa mwenyewe. Ya babu ilinikwaruza siku nzima mpaka nilipoizungusha kidogo kuelekea kushoto; papo hapo ikateleza kama iko kwenye mafuta. Kumbe alikuwa akiishika kwa mshazari. Kwa hiyo ukipata kalamu inayokwaruza na ncha yake ni sawa, izungushe taratibu huku unaandika mpaka uipate sehemu yake.

Wino na karatasi

Tumia wino wa kalamu za wino pekee. Quink ya Parker, ambayo ipo tangu 1931, ni salama na si vigumu kuipata. Wino wa mhuri ni mzito na una mafuta. Wino wa printa na ule wa kuchorea wa wasanifu huacha utando usiotoka kwa maji, na siku nne za bilauri zote zitakuwa bure. Chupa kuukuu uliyoirithi pamoja na kalamu iweke kama pambo, hasa ikiwa imeandikwa Superchrome. Huo ndio uliorithi ule wino mkali niliousema, na umekula mabomba mengi. Ukiona nyuzi nyeupe zinaelea ndani ya chupa yoyote, huo ni ukungu. Mwaga.

Kujaza 51: zamisha nibu na ncha ya shingo, bonyeza upau, achia, subiri, rudia mara nne au tano, na mara ya mwisho hesabu mpaka kumi kabla ya kutoa. Futa kwa tishu. Kalamu iliyojaa huvuja mara chache kuliko iliyobaki robo, kwa sababu joto la kifua hutanua hewa iliyomo ndani na hewa huusukuma wino. Ndiyo siri ya yale madoa kwenye mifuko ya mashati meupe ya makarani wa zamani.

Karatasi ya kaunta buku ni bahati nasibu. Andika neno moja ukurasa wa mwisho dukani, geuza, utazame kama limetokeza upande wa pili.

Kutunza

Iandikie kila siku chache. Usipoitumia kwa wiki mbili, ioshe, uihifadhi kavu. Isimame nibu juu, gizani, mbali na dirisha na dashibodi ya gari. Ndani ya ndege iwe imejaa au tupu kabisa, nibu juu.

Brasso isiguse kalamu. Dhahabu ya vifuniko na vibanio vingi ni ganda jembamba, na chini yake ni shaba. Ukishaiona shaba umechelewa. Kitambaa cha pamba kikavu kinatosha.

Kutafuta nyingine

Minada ya mtandaoni inazo, ila muuzaji anayeandika "sijui kama inafanya kazi" kwa kawaida anajua. Omba picha tatu: ncha kwa karibu, maandishi ya kiwandani, na mdomo wa kifuniko dhidi ya mwanga, maana ufa huanzia hapo. Ukiwa nayo mkononi, pitisha ukucha kuzunguka mdomo huo. Ukucha ukikwama, shusha bei au rudisha. Maduka ya vitu vya kale ya Mji Mkongwe, Unguja, nayo ni ya kupitia, ukiwa na muda wa kunywa kahawa kabla ya kuulizia bei. Lakini kalamu zangu bora zimetoka kwenye makopo ya maziwa ya unga: kwa wauguzi, makarani na walimu waliostaafu. Uliza tu. Watu hufurahi kuulizwa.

Baadhi zitakuwa na jina limechongwa kiwiliwilini. Wakusanyaji wa nje hulisugua ili bei ipande. Mimi siligusi, na kabla ya kulipa humwomba muuzaji aulize kama ndugu wa mwenye jina wanajua kalamu inauzwa. Mara mbili nimeirudisha kwa wenyewe. Mara ya tatu binti wa marehemu alinijibu kwamba nikae nayo, ila nimwandikie barua kwayo. Nilimwandikia kurasa mbili za kaunta buku, na wino ukapenya mpaka nyuma.